Kiduara Kando ya Sahihi

Faili lake lilinifikia Jumanne asubuhi, la saba kati ya tisa, na mimi nilikuwa nimeshachoka kusoma sifa za watu. Maana CV za siku hizi, mama yangu! Kila mtu ni kiongozi, kila mtu ameokoa kampuni, kila mtu anazijua mashine zote kuanzia mgodi wa Fungurume mpaka ule wa Mashamba. Nikafungua la saba nikitegemea wimbo uleule. Kumbe kurasa mbili tu, na juu kabisa, kabla ya jina, namba ya kazi ya Kampuni ya zamani, ile iliyokuwa na mashimo yote kabla ya hizi za sasa. Ndivyo tulivyokuwa tukijitambulisha sote enzi zile, namba kwanza, jina baadaye. Wengine waliiandika hata kwenye barua ya posa.

Namba ile niliijua kabla macho hayajafika kwenye jina. Mwaka mzima nilikuwa nikiiona kila siku mwisho wa ukurasa wa daftari la zamu. Ilikuwa namba ya Mama Mianda Kalombo, injinia wa pompe, mtu aliyenifundisha kazi.

Mimi naitwa Stany Mbuyu. Ni mkuu wa kuvuta maji katika kampuni moja kubwa ya shaba hapa Kolwezi. Shimo likijaa maji, simu yangu haipoi. Likikauka, hakuna anayekumbuka kama nipo. Ndiyo kazi yetu watu wa pompe, na sijawahi kuitamani nyingine. Mwaka jana kampuni ilichukua shimo la Kamilonga, ambalo lilikuwa limelala chini ya maji zaidi ya miaka ishirini, na ikatafuta injinia wa kusimamia kulikausha. Tuliwekwa watu watatu kuwahoji waombaji: François wa ofisi ya wafanyakazi, Stéphanie ambaye ni mkuu wa mgodi, na mimi.

Ndani ya faili la Mama Mianda kulikuwa na barua ya mistari minne. Wa mwisho ulisema hivi: "Pompe ya mwisho ya Kamilonga niliizima kwa mkono wangu. Naomba niwashe ya kwanza." Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwetu mtu akigonga sitini hachukuliwi tena, na Kamilonga ni moja tu duniani. Kama asingepata kazi hii, chini ya lile shimo asingepaona tena mpaka kufa kwake.

Niliiweka barua mezani nikaenda kusimama dirishani kama mjinga.

Nilifika Kamilonga mwaka wa tisini na sita, diploma ya Lubumbashi bado inanuka wino, shati jeupe, viatu vya ngozi. Mtu mwenye akili anaenda kwenye shimo la shaba na viatu vya ngozi? Walinishusha mpaka nyumba ya pompe, chini kabisa, mahali ambapo kelele inakuingia mpaka tumboni. Nikamkuta mwanamke wa miaka thelathini, kitambaa chekundu chini ya helmeti, kiganja amekiweka juu ya mwili wa pompe, macho amefumba. Nikamwamkia kwa Kifaransa changu kizuri. Akaninyoshea kidole kimoja: ngoja. Nikangoja. Dakika mbili nzima.

"Namba mbili iko na homa," akasema mwishoni, kwa wale mafundi, si kwangu. Halafu ndipo akanigeukia. "Jambo, Monsieur Diplôme. Ulikula leo?"

Ndivyo ilivyokuwa sheria yake. Ukiingia nyumba ya pompe unaisalimu pompe kwanza, watu baadaye, kwa sababu mtu akiwa mgonjwa atasema mwenyewe. Wakubwa waliotoka ofisini walikasirika sana, wakasema yule mwanamke hana adabu. Alikuwa na adabu kuliko wote. Na jina la Monsieur Diplôme lilinishika mwaka mzima, mpaka wauza karanga wa pale getini wakaniita hivyo.

Nakumbuka mengi, na sijui nianzie wapi. King'ora cha saa kumi na mbili kilichoamsha mji wote, hata kuku. Siku ya posho, foleni ya wamama na magunia ya unga wa mahindi, kicheko mpaka mwisho wa barabara, ingawa gunia lilikuwa limeanza kuwa jepesi na mishahara kuchelewa. Chai ya Mama Mianda, aliyokuja nayo kwenye chupa na mkate uliofungwa ndani ya kipande cha kikwembe, yaani kitenge, akatugawia sote sawasawa, fundi na injinia. Akiimba sauti ya pili ya kwaya ya parokia pale katikati ya kelele za pompe, eti zinamshikia mwendo. Tulikuwa maskini tusiojua kama ni maskini. Nikipita sasa pale getini, pamejaa malori yamepangana mpaka Manika, vumbi jekundu, hakuna anayemjua mwenzake. Kusema kweli napakumbuka mpaka roho inaniuma.

Lakini kitu ninachotaka kukueleza ni kaye. Kulikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi. Sisi tuliliita kaye. Kila mwisho wa zamu unaandika humo kilichoharibika, nani amekiharibu, halafu sahihi na namba. Ila mwanafunzi wa kazi, stagiaire, alikuwa haruhusiwi kuweka sahihi mwaka mzima. Akiharibu kitu, anayemfundisha anaandika kosa kama lake, anaweka sahihi yake, na kando ya sahihi anachora kiduara kidogo, ukubwa wa punje ya mtama. Kiduara maana yake: hapa nyuma kuna mtu anajifunza, usiniulize jina lake. Adhabu inamwangukia mwenye sahihi, yote, haipungui hata kidogo kwa sababu ya kiduara. Kule ofisini hata hawakujua kinamaanisha nini. Kilikuwa chetu sisi watu wa chini. Tata Mukalay, mzee aliyemfundisha Mama Mianda, alikuwa amemchorea yeye viduara vitatu, na hakuwa anaona haya kutuonyesha kurasa.

Mwaka ukiisha, unapewa kalamu mbele ya zamu yote. Hiyo ndiyo ilikuwa diploma ya kweli.

Mimi wa kwangu ulikuwa umebaki miezi miwili. Ilikuwa Februari, mvua ya siku tatu bila kupumzika, zamu ya mchana. Mama Mianda alipanda juu kugombana na watu wa stoo kuhusu kebo. Akaniachia neno moja: "Namba nne usiiguse mpaka nirudie." Maji yalikuwa yanapanda. Mafundi wananiangalia. Na mimi, Monsieur Diplôme, nikasema moyoni, leo watanijua.

Nikawasha namba nne. Vane ya kuvutia, lile gurudumu linalofungulia maji yaingie kwenye pompe, ilikuwa imefungwa. Sikuiangalia! Kitu ambacho mtoto wa mwaka wa kwanza anajua! Pompe ikazunguka kavu. Dakika chache tu, harufu ya kuungua, mlio kama sufuria inakwaruzwa, halafu ikakwama, na moshi ukatoka kwenye motere inayoizungusha. Maji yalipanda yakaifunika sakafu. Siku tatu mashine za kuchimba zilisimama pale juu kwa ajili yangu. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo.

Alishuka akiwa ameloa. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya namba nne, jinsi unavyogusa paji la uso la mtoto, akakiondoa haraka kwa sababu ilikuwa inaunguza. Halafu akaniuliza, "Ulikula leo?"

Nilianza kulia, mwanaume wa miaka ishirini na mitano. Nikamwambia andika jina langu, mama, andika jina langu. Alikuwa ameshafungua kaye juu ya goti.

"Jina yako haiko mu hii kaye bado," akasema. "Mutoto akikunyea mukono, haukate mukono. Unanawa."

Akaandika, akaweka sahihi, akachora kiduara.

Miezi miwili baadaye akanipa kalamu mbele ya wote, akacheka, akanipiga bega. Ndipo mtu wa stoo akaniambia habari ambayo Mama Mianda hakuwahi kunigusia. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya mainjinia wawili wa kupelekwa Ubelgiji kusoma miezi sita. Kwa sababu ya namba nne walilifuta. Aliyeenda badala yake alirudi akawa mkubwa, na yeye akabaki kule chini. Nilijua hayo nikafanya nini? Nilimpelekea kuku. Kuku, bwana! Nyumbani kwake, mmoja, amefungwa miguu. Akampika, akaniita nije nimle pamoja na watoto wake, na bukari, ule ugali wetu.

Namba nne haikutengenezwa tena. Tulitoa motere, mwili wake ukabaki pale juu ya saruji. Miaka michache baadaye nilikuwa nimeshapata kazi kwingine, na Kamilonga ikafungwa. Yeye ndiye aliyezima pompe ya mwisho. Tangu hapo alifundisha katika shule ya ufundi, na jioni alikuwa akitengeneza vipompe vya watu wa mabustani ya mboga. Tulikuwa tukionana misa ya Krismasi, habari, nzuri, watoto, wazima. Basi.

Mahojiano yake yalikuwa Alhamisi. François nilikuwa nimemwambia mapema kwamba mama huyu alinifundisha. Akajibu kwamba Kolwezi kila mtu amemfundisha kila mtu, andika kwenye fomu tuendelee. Mama Mianda akaingia saa tatu kamili, kikwembe cha buluu kilichopigwa pasi, nywele fupi zenye mvi. Akamsalimu Stéphanie, akamsalimu François, akanisalimu mimi: "Bonjour, Monsieur." Kama hajawahi kunilisha.

Yote yalikuwa kwa Kifaransa. Nakusimulia tu kwa lugha yetu. Mambo ya maji aliyajibu kwa ufupi, na sawasawa. Stéphanie alimuuliza kuhusu pompe za siku hizi zinazoongozwa kwa kompyuta, akasema, "Sizijui. Nitajifunza." Waombaji sita kabla yake walikuwa wamesema wanazijua kama mfuko wa suruali yao. François akakunja uso, akaandika kitu.

Halafu akatoa swali analolipenda, lile la makosa. "Tueleze kosa kubwa ulilowahi kufanya kazini." Unajua watu wanavyolijibu hilo swali? Mmoja alisema kosa lake ni kupenda ukamilifu. Mwingine kosa lake ni kuchelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya bidii. Mficha uchi hazai, walisema wazee, lakini kwenye mahojiano mficha uchi ndiye anayepata kazi.

Mama Mianda hakufikiri sana. Akataja tarehe. Akataja mvua ya siku tatu. "Namba nne iliwashwa vane ya kuvutia ikiwa imefungwa. Iliungua. Shimo likasimama siku tatu. Zamu ilikuwa yangu na kosa ni langu."

Hakuniangalia hata mara moja. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, na aliposema neno "langu", kidole chake cha shahada kilichora kitu juu ya ubao, kidogo, ukubwa wa punje ya mtama. Hakuna mwingine aliyekiona. Nani angekiona?

"Mama, samahani," François akasema, "injinia mzima anasahauje kitu kama hicho?"

"Ndivyo ilivyokuwa," akajibu.

Na mimi nilinyamaza. Nisijipake mafuta hapa: nilinyamaza. Nilitazama kalamu yangu mpaka aliposimama, akatushukuru, akatoka.

Mlango ulipofungwa, François alikuwa ameshamaliza kazi. Alimtaka kijana wa nambari tano, kutoka Fungurume, msemaji mzuri, anajua kompyuta. "Huyu mama ni mtu mzuri," akasema, "lakini aliyesahau vane humpi Kamilonga." Stéphanie alikuwa akigeuzageuza ile barua ya mistari minne. Ni mtoto wa Likasi, haongei mengi. Akaniuliza, "Tata Stany, wewe unasemaje?"

"Namba nne niliiunguza mimi," nikasema.

Nikawaeleza yote, mvua, stoo, neno aliloniachia, viatu vyangu, kaye, kiduara. Nilikuwa naona hasira, sijui hasira ya nani. François alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Basi ametudanganya," akasema. "Fomu, mstari wa kumi na mbili: jibu la uongo, mwombaji anatoka."

Hapo nilipiga meza. "Uongo? Uongo gani, François? Amesema zamu ilikuwa yake, haikuwa yake? Na ameweka kiduara! Hapa, hapa juu ya meza hii, mbele ya macho yako!"

"Tata Stany, meza haiwekwi sahihi."

Nilitaka kumjibu vibaya. Stéphanie akaniwahi, kwa upole, na ule upole ulinichoma kuliko kelele. "Wewe ulipohojiwa hapa miaka minane iliyopita, swali hili uliulizwa?"

"Niliulizwa."

"Ukajibu nini?"

Nilitamani ardhi ya Kolwezi, ambayo imeshatobolewa kila mahali, itoboke na pale chini ya kiti changu. "Nilijibu kwamba kasoro yangu ni kupenda kazi kupita kiasi."

Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Stéphanie akasukuma fomu mbele yangu, mahali pa maoni. "Andika," akasema. Nikaandika namba nne ilivyoungua na nani aliyeiunguza, nikaweka sahihi yangu. Bila kiduara.

Faili likapelekwa Lubumbashi kwa wakubwa. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, mlango wa lupango langu, ua wa nyumba, ukagongwa. Mke wangu Blandine akafungua, akapitwa kama hayupo. Mama Mianda alikuja moja kwa moja mpaka nilipokaa. Kolwezi hakuna siri. Sijui nani alimwambia.

"Nani alikutuma?" Hata jambo hakunipa.

"Mama, karibu, ikala kwanza."

"Sikale! Nauliza nani alikutuma? Ile kosa ni yangu. Mi njo nilikuacha peke yako na pompe, mvua inanyesha, we mutoto wa diploma, moyo inakuruka. Ile uliandika? Haukuandika! Uliandika yako tu, mwizi we!"

"Mama, juu ya ile kosa haukuenda Ubelgiji."

"Nilikuomba unilipie Ubelgiji? Ubelgiji kuko bukari?" Akakaa, mwenyewe, kwenye kiti cha Blandine. "Miaka makumi mbili na saba, Stany. Sikuwa nakuficha. Nilikuwa nakuchunga. Na sasa bananiita muongo, na Kamilonga siione tena."

Mimi nilikuwa nimeshindwa kumtazama. Nikasema, "Mama, niko na miaka makumi tano na tatu. Stage iliisha."

Akajifuta macho kwa ncha ya kikwembe, akamgeukia Blandine aliyekuwa amesimama na chai mkononi. "Huyu bwana yako alikula leo?" Akabaki mpaka jioni. Sombe, kisamvu cha Blandine, ilikuwa ya kutosha.

Barua zilikuja wiki ya tatu, mbili kwa pamoja. Ya kwanza ilikuwa onyo kwangu, kwa kuficha jambo wakati wa kuajiriwa. Sawa, nilistahili. Ya pili niliisoma mara tatu. Mama Mianda Kalombo, kwa kuwa jibu lake la kosa halikuwa kamili na pompe za kompyuta hazijui, anachukuliwa kwa majaribio tu ya mwaka mmoja, chini ya uangalizi wa injinia Stany Mbuyu, na katika mwaka huo hana ruhusa ya kuweka sahihi kwenye ripoti yoyote. Nilicheka mpaka karani akaja kuuliza kama niko salama.

Aliwasha pompe ya kwanza ya Kamilonga mwezi wa tano, kiangazi kilipoanza. Akiwa na miwani puani, akabonyeza kwenye kioo cha kompyuta kwa kidole kimoja, taratibu, kama anamgusa nyuki. Maji yakaanza kutoka. Mafundi wakapiga makofi, na yeye akasema msipige makofi, sikilizeni. Kompyuta alijifunza kwa miezi miwili, na mimi niliyemfundisha akaniita Monsieur Ordinateur, Bwana Kompyuta. Kila siku saa nne alikuwa akienda ukingoni kutazama maji yalivyoshuka. Mwezi wa tisa likaonekana bati la nyumba yetu ya pompe, limeliwa na kutu, na alipoliona alianza kuimba sauti ya pili bila ya kwanza.

Yalibaki maji ya mita mbili tu kufika sakafu siku alipofanya kosa. Pompe za sasa zina mstari wa njano chini. Zikiwa zinazunguka, hakuna kuuvuka, na mkono bila glavu ni marufuku kabisa. Macho ya umeme yanaangalia. Nilikuwa nimepanda juu kwenye mkutano. Pompe ya tatu ilibadilisha sauti kidogo, na Mama Mianda akafanya alichofanya maisha yake yote: akavua glavu, akavuka, akaweka kiganja. Pompe zote zikajizima kwa pamoja. Nusu siku nzima Kamilonga ilisimama.

Niliposhuka nilimkuta amekaa juu ya ndoo, glavu mkononi. Alijua, na mimi nilijua: mtu wa majaribio akivuka mstari wa njano, majaribio yanaishia hapo. Mita mbili tu zilikuwa zimebaki.

"Ilikuwa na homa kidogo," akasema, kwa sauti ya chini. "Mukono ilienda yenyewe. Andika jina yangu, Stany."

"Ulikula leo, mama?"

Aliniangalia. Akaanza kutikisa kichwa, hapana, hapana, wee usifanye hivyo, uko na onyo moja tayari. Mimi nilikuwa nimeshafungua ripoti kwenye kompyuta. Inadai jina la mkosaji, bila jina haiendi. Nikaandika: "Mtu anayejifunza kazi chini yangu alivuka mstari wa njano nikiwa nimemwacha peke yake. Zamu ni yangu na kosa ni langu." Nikaandika jina langu lote. Kompyuta haina mahali pa kuchora, basi nikatafuta herufi iliyo karibu zaidi, nikaiweka mwisho, baada ya nafasi moja: o.

Akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Kiduara yako iko mubaya," akasema. "Iko sawa yai." Na machozi yakamshuka, hakuyafuta.

François alipiga simu kesho yake. "Tata Stany, nimepata ripoti. Hii 'o' mwishoni mwa jina lako ni nini?" Nikamwambia ni ileile ya juu ya meza. Nilimsikia akipumua. "Onyo la pili nitakuandikia," akasema, "ni lazima," na akaliandika kweli, lakini jina la mwanafunzi hakuniuliza.

Siku kumi na moja baadaye tulishuka Kamilonga kwa miguu, yeye na mimi, matope mpaka magotini, yeye mbele. Nyumba ya pompe ilikuwa mifupa mitupu. Juu ya saruji yake, mahali palepale, namba nne ilikuwa imekaa, nyekundu kwa kutu, konokono wameganda ubavuni. Mama Mianda aliisogelea. Alivua glavu, akaweka kiganja, akafumba macho. Nilingoja. Halafu akaushika mkono wangu, akauweka juu ya chuma kando ya wake. Kilikuwa baridi na chenye maji.

"Umesikia?" akasema. "Homa iliisha."